Honi ya Arnold Sugden

Arnold Sugden alipiga honi ya kumaliza mchezo katika uwanja wetu wa Aldersyke miaka ishirini na sita, na muda wote huo hakuna aliyejishughulisha naye. Alikuwa fundi wa mitambo mgodini hadi mgodi ulipofungwa. Mkewe alimfia mapema, akamwachia binti mmoja, Maxine, ambaye baadaye alipata kazi katika ofisi ya klabu. Siku ya mechi Arnold alikaa kibandani juu ya jukwaa na saa yake, ubavuni pake mtunza saa wa wageni, maana raga yetu ya watu kumi na watatu haimwamini mtu mmoja.

Na desturi ilikuwepo, asikudanganye mtu. Zikibaki sekunde chache na wenyeji wanashambulia, mtunza saa wa wageni hufungua peremende na kutazama dirishani. Mwenyeji naye huchelewa kidogo kubonyeza honi. Ukienda kwao, utalipwa vivyo hivyo. Arnold hakuijua. Akiwa ugenini na honi ikichelewa, alisema wazee wa watu vidole vimekufa ganzi. Sisi tulidhani anatania.

Mwaka ninaousimulia ligi ilikuwa na timu kumi na mbili, kila moja ikikutana na mwenzake nyumbani na ugenini. Tano za juu huendelea kuwania kombe. Ya mwisho hushuka daraja, fedha za televisheni zikakatika, wachezaji wakarudi kubeba matofali mchana na kufanya mazoezi jioni. Tulifika mechi ya mwisho tukiwa mkiani, pointi moja nyuma ya waliotutangulia, nao walikwisha kumaliza mechi zao. Kushinda kungetupa mbili, tubaki. Sare isingetufaa kitu, maana wangetuzidi kwa tofauti ya alama za mechi. Mwenyekiti alishawaambia watu wa ofisini kwamba tukishuka, wafungashe virago.

Dakika ya themanini inaisha, tuko kumi na sita kwa kumi na nane. Nahodha wetu, Gledhill, akaangushwa hatua moja kabla ya mstari wao. Alibakiza kuinuka na kuusukuma mpira nyuma kwa mguu. Yeyote angeuokota na kujitupa nao ng'ambo, pointi nne. Ila honi ikilia kabla hajausukuma, mchezo umekwisha. Kule kibandani mtunza saa wa wageni, Derek Plimmer, alikuwa ameshageukia dirisha, akihangaika na karatasi ya peremende.

Arnold akabonyeza.

Plimmer akageuka polepole. "Mzee mwenzangu, mbona nilikuwa nakusubiri?"

"Unanisubiri nini?"

"Sekunde tatu. Hata tano ningekupa, wala nisingeuliza."

Plimmer mwenyewe aliyasimulia hayo baa, na kabla ya jioni mji mzima ulikuwa nayo. Tulikuwa washenzi, sina neno jingine. Mwenye bucha alimwambia Arnold nyama imekwisha, na nyama inaning'inia nyuma yake. Baa tulinyamaza mpaka ainue bilauri, ikigusa mdomo tu, watu arobaini tunalia honi kwa midomo. Nami nililia, tena kwa sauti kubwa kuliko wengi. Bia ilimmwagikia shati, na kesho yake alirudi tena, kama mtu anayelipa kodi.

Tulishuka, na Maxine akafukuzwa wiki ile ile. Jumapili Arnold akampikia nyama ya kuoka, aliyoifuata mji wa pili, akaanza kumweleza kwamba saa ilikuwa sahihi, kwamba alihakikisha mara mbili.

Maxine alimwacha amalize. "Miaka ishirini na sita, Baba," akasema. "Umekosa hata siku moja ya kukosea."

"Ilikuwa themanini kamili, mwanangu."

"Najua," akasema Maxine, akamwomba ampe chumvi.