Kutembea Mbele ya Mama Mkwe

Shemeji yangu mkubwa, kaka wa mke wangu, alinipigia simu Ijumaa jioni akanipa kazi aliyoiona ndogo. Mama yao alikuwa amevunjika mguu akishuka shambani, na sasa plasta ilikuwa imetolewa. Shemeji alitaka kumhamishia Nakuru, kwenye nyumba yake yenye geti na vigae. Mama alitaka kubaki Merigi na ng'ombe wake na chai yake.

"Wewe ni mtu ya kutembea," shemeji akasema. "Mpeleke mlima kidogo kesho, umwangalie vizuri, halafu uniambie ukweli. Akishindwa, Sunday nakuja na gari. Hawa wengine wanamwogopa, watanidanganya."

Nilikubali papo hapo. Kutembea ndiyo starehe yangu. Baba yangu alitoka ziwani kuja kufanya kazi kiwandani, nikazaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa chai, na sijawahi kuona kilima cha huku nisitake kujua upande wa pili kuna nini. Nikapanga siku nyepesi: asubuhi tushuke mtoni, kisha twende mpaka kituo cha kuuzia majani chai, na mguu ukikubali tumalizie kilima chenye mnara wa simu. Nani angeshindwa na hayo?

Jambo ambalo mimi na shemeji, watu wazima na akili zetu, tulilisahau ni kwamba mkwe hamkodolei macho mama mkwe. Kwetu ziwani ni hivyo, na kwa Wakipsigis, watu wa mke wangu, ni hivyo. Wengi siku hizi wamelegeza, lakini si mama huyu. Tangu nimwoe binti yake hajanipa mkono hata mara moja. Tukisalimiana, kila mtu anasalimia ukuta wake. Sasa njia za kati ya chai ni za mtu mmoja mmoja, na kutangulia nimtazame mgongo alikataa katakata. Nikatangulia mimi. Shahidi aliyetumwa kuangalia mguu akabaki kuangalia majani chai.

Sikukata tamaa. Nilijiambia nitampima kwa masikio. Nyuma yangu fimbo iligonga, mguu mzima ukafuata, kisha ule mwingine ukajikokota.

"Baba watoto, unakimbia nini?" akaniuliza. "Hiyo mto haiendi mahali."

Nikapunguza mwendo. Kituoni, wanawake waliokuwa wakingojea lori la chai walimpokea kwa vifijo, maana hawakuwa wamemwona tangu aanguke. Alicheka kicheko ambacho sikujua anacho. Mimi nilisimama kando nimewapa mgongo, na mmoja wao akamuuliza mkwe wake ameadhibiwa kwa kosa gani.

Kwenye kilima udongo ulikuwa bado na unyevu wa mvua ya jana. Tulikuwa tumebakisha kidogo tufike nikasikia kitu kikiteleza, kisha kishindo, kisha fimbo ikibiringika mtaroni.

"Mama?"

Nikaanza kugeuza bega, nikajizuia.

"Mama, nigeuke?"

"Usigeuke!" akafoka. "Niko chini, lakini naamka."

Niliogopa, nasema wazi. Nilimwogopea mguu wake, na nikaliogopa lile gari la Jumapili. Nilichukia kusimama pale kama nguzo ya ua huku mzee wa watu akihangaika kwenye matope hatua chache nyuma yangu. Nilisikia tawi likivunjika, nguo ikivutwa, pumzi zikipanda na kushuka. Ilichukua muda.

"Sasa enda," akasema.

Juu mnarani aliketi upande wake wa ua unaozunguka mnara, mimi upande wangu. Upepo ulikuwa mkali na chai ilikuwa imetandazwa chini yetu mpaka macho yanapochoka. Nikaona heri nimwambie.

"Mama, nimetumwa niangalie mguu yako. Na sijaona kitu."

"Nilijua. Huyo kijana yangu hawezi nitafutia matembezi bure." Nikamsikia akikung'uta gauni. "Ukimwambia nimeweza?"

"Atauliza kama nimeona."

"Na wewe hauwezi danganya."

"Siwezi, Mama."

Nilimsikia akiinuka. Nikainuka pia, tayari kutangulia, lakini akanipita karibu mno hata nikaangalia viatu vyangu.

"Kaa hapo," akasema, akishika njia ya kuteremka. "Angalia. Leo tu."

Nikaangalia. Alikuwa anachechemea, tena sana, na gauni lilikuwa na matope mpaka kiunoni. Mguu mbovu aliuweka upandeupande, akashika kichaka, akashusha mwingine. Hakuwa na fimbo. Alishuka mpaka kwenye kona bila kusimama na bila kugeuza kichwa. Machozi yalinitoka nikayaacha.

Nikampigia shemeji pale pale.

"Anachechemea," nikamwambia. "Ameanguka mara moja, akaamka mwenyewe. Amepanda mpaka juu na sasa anashuka."

"Umemwona na macho yako?"

"Nimemwona. Ametangulia."

"Ametangulia mbele yako? Wewe?"

"Mbele yangu."

Akasema, kwa sauti ya chini, kama Mama ameacha mkwe amtazame, basi abaki.