Mama Alipokaa Lamboni

Nilimwaga sufuria zima la wali chini mbele ya wateja wangu kwa sababu mmoja wao aliomba chumvi.

Napika kwenye kibanda karibu na machimbo madogo, nje kidogo ya mji wa Geita. Nimekuwa hapo miaka mingi na wachimbaji wananijua kwa utani na kicheko. Siku ile mmoja alisema kwa upole tu, "Mama, naomba chumvi," nami nikashika sufuria kwa vitambaa, nikaliinua, nikalipindua mavumbini. Nilisikia karasha likiponda mawe ng'ambo ya barabara. Kisha mzee mmoja akasimama, akachukua koleo lake akaanza kuzoa wali taratibu, akiniambia, "Pole, mama. Pole sana." Nilitazama mikono yangu kama mikono ya mgeni.

Mambo yalikuwa yameanza miezi kadhaa nyuma. Joto lilikuwa linanipanda kutoka kifuani hadi kichwani kama nimefunguliwa mlango wa tanuri. Usingizi ulinikimbia. Nilisahau majina ya watu niliowalisha miaka kumi. Nililia nikisikia matangazo ya harusi redioni, harusi za watu nisiowajua. Hedhi ilipotea miezi mitatu, ikarudi kwa fujo, ikapotea tena. Sikumwambia mtu. Nilijua mwanamke wa namna hiyo huitwaje, maana nilizaliwa na mmoja.

Wakati huo binti yangu alikuwa nyumbani kwangu. Alikuja kujifungulia kwetu, mtoto wake wa kwanza, na alikuwa na wiki sita tangu azae. Alinyonyesha akitazama ukuta. Nilipomuuliza ana nini alisema amechoka. Nami nikamjibu jibu ambalo najuta mpaka leo: "Vumilia. Sote tulizaa."

Siku ya kliniki nilimsindikiza kupima uzito wa mtoto. Nesi alikuwa msichana mdogo, angeweza kuwa mwanangu. Alinipa shikamoo, akamweka mtoto kwenye mzani, akaandika, halafu akamgeukia binti yangu na karatasi nyingine.

"Wiki mbili hizi umekuwa ukilia bila kujua kwa nini?"

Binti akainama. Nikamjibia, "Ndiyo."

"Unapata usingizi hata mtoto anapolala?"

"Hata dakika," nikasema.

"Unajiona mzigo kwa watu?"

"Ndiyo. Kuna siku mtu anatamani atembee tu na barabara, asirudi."

Nesi akaweka kalamu mezani. "Mama," akasema, "unamjibia binti yako au unajijibia mwenyewe?"

Binti yangu akainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi kuniangalia machoni. Akasema polepole, "Hata mimi, mama. Yote hayo. Hata hilo la barabara."

Tulikuwa tumelala nyumba moja, ukuta mmoja kati yetu, kila mmoja anawaza kuondoka, na asubuhi tunasalimiana na kuulizana kama chai ina sukari.

Nesi alifunga mlango. Aliniuliza umri wangu, nikamwambia arobaini na nane. Akaniuliza kuhusu siku zangu, kuhusu joto, na kama nilipozaa niliwahi kuwa na hali kama ya binti yangu. Nikakumbuka mtoto wangu wa pili: alikuwa akilia mgongoni mwangu nami sisikii chochote moyoni, kama analia wa jirani.

"Kuna vichocheo mwilini," alisema. "Mwanamke akijifungua vinashuka kwa ghafla. Akikaribia mwisho wa uzazi vinayumba, vinapanda na kushuka, hata miaka kadhaa. Wengine hawasikii kitu. Wengine vinawatikisa mpaka akili. Binti yako ana sonona ya baada ya kujifungua, nadhani, na daktari atamwona leo. Wewe unaelekea ukomo wa hedhi. Na wewe daktari atakupima, tuhakikishe hakuna jingine."

"Kwani hili lina jina?"

"Lina jina, mama."

Nikamuuliza swali lililonitoka lenyewe. "Mtu akiwa na joto hilo, anaweza kwenda kukaa kwenye maji mchana kweupe?"

"Anaweza kukaa popote penye ubaridi," akajibu. "Mbona unauliza hivyo?"

Nilikuwa nimemkumbuka mama yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, kijijini kwetu, upande wa Maganzo. Nilitumwa maji saa za jua kali, nikamkuta mama amekaa ndani ya lambo la kunyweshea ng'ombe, maji yamemfika kifuani, khanga na blauzi mwilini, macho ameyafumba. Nilirudi na ndoo tupu nikamwambia baba. Mama alikuwa tayari anapiga kelele ovyo siku hizo, anaacha ugali ukiungua. Baba alileta mganga. Mganga alisema ameshikwa na kitu cha majini, na kwamba kikikaa kitadhuru nyumba. Kabla mvua hazijaanza mama alirudishwa kwa kaka yake, huko Runzewe. Mimi nilibaki kwa baba na kaka zangu. Nilipokua nilimtembelea mara chache, nikikaa karibu na mlango. Ndiyo, nilimwogopa mama yangu.

Daktari alipotuona wote wawili, nilipanda basi la kwenda Runzewe. Mama ni mzee sasa. Nilimkuta uani akibangua karanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Basi mbona umekuja bila kusema?"

Nikaketi mbele yake nikamweleza kila kitu: wali, binti, nesi, joto. Aliendelea kubangua. Nilipofika kwenye lambo nikakwama. Yeye ndiye aliyeendelea.

"Nilikuona," akasema. "Ulisimama na ndoo."

Nikamuuliza, "Ulijua mimi ndiye niliyesema?"

"Ungefanya nini? Ulikuwa mtoto. Umemwona mama yako yuko majini na nguo zake." Akapuliza maganda. "Huyo nesi anasema lina jina?"

"Lina jina, mama. Na dawa za kupunguza zipo."

Nilitegemea afurahi. Niliwaza njia nzima kwamba ninampelekea kitulizo. Aliacha karanga, akaingia ndani na kufunga mlango. Alikaa huko muda mrefu mpaka mjomba akaja kuniuliza nimemwambia nini. Alipotoka alikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuiona kwa mama yangu, hata siku zile za kelele.

"Walinichanja chale mgongo mzima," akasema. "Wanaume wanne wamenishika. Wawili kati yao nimewazaa mwenyewe. Na mimi nawaambia, nasikia joto. Neno hilo hilo tu. Nasikia joto."

Sikujua. Watu wa nyumbani kwetu hawakuwahi kunitajia mikono ya kaka zangu. Nilipiga magoti pale kwenye maganda ya karanga nikalia, na yeye hakunibembeleza. Alikuwa na haki.

Binti yangu alianza dawa, na kila wiki alikwenda kuzungumza na mshauri hospitalini. Ilichukua miezi. Siku moja nilimsikia chumbani anamwimbia mtoto kwa Kisukuma, anakosea maneno, nikakaa nje nisimkatize. Mimi pia nilipewa matibabu. Siku mbaya bado zipo, ila naziita kwa jina na nawaambia wachimbaji wangu mapema. Mwanzoni waliona haya. Sasa wengine wananiuliza kuhusu wake zao.

Baba alishafariki, na kaka yangu wa kwanza pia. Nilimpigia wa pili, anayelima kule kijijini. Nilimweleza kama nilivyoelezwa.

"Kwa hiyo mama hakuwa na kitu," akasema.

"Hakuwa na kitu."

"Mimi nilishika miguu."

Simu ikakatika. Wiki iliyofuata alikwenda Runzewe. Waliyozungumza siyajui, na sijamuuliza yeyote kati yao. Mjomba aliniambia tu kwamba alifika asubuhi, akamwamkia mama yake kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," kutoka mlangoni, akaletewa kiti, na hakukikalia.