Mvua Aliyoiomba Kornelia

"Kornelia ameachana na Mungu," alisema Mama Hermani, akiweka ungo chini ili aseme vizuri. "Nimemsikia kwa masikio yangu haya. Yuko peke yake kwenye mabua ya ngano, anafoka kama mtu aliyeibiwa ng'ombe. Anamwambia Mungu, nijibu! Mungu wa kuambiwa nijibu, kama karani wa shamba!"

Tekla alikuwa amekaa kizingitini ananyonyesha. Alimhamisha mtoto titi la pili, akapata muda wa kufikiri.

"Labda alikuwa anasali, mama."

"Sala gani ya kunyoosha kidole juu? Wewe umezaa juzi, hujui mambo. Yule msiba umemharibu kichwa. Na Alhamisi sala ya jumuiya ni hapa kwako, usisahau. Akija na mikosi yake ile, atakaa wapi? Kwenye kiti chako? Kando ya mtoto wako?"

Akachukua ungo wake, akaendelea kupepeta. Makapi yaliruka hadi kwenye miguu ya Tekla.

Kijiji chote cha Hirbadaw kilimjua Kornelia. Alishuka kutoka milima ya Mbulu akiwa bibi harusi, ng'ombe wa mumewe wakitangulia, na watu wa zamani bado walisimulia jinsi alivyofika ana rozari shingoni na jembe begani. Mume alifariki mapema. Kornelia akalima mwenyewe, akamlea binti yake mmoja, Philomena, na jioni alikusanya watoto wa majirani akawafundisha sala. Tekla alikuwa mmoja wao. Ishara ya Msalaba alifundishwa na mkono wa Kornelia ukiuongoza mkono wake. Jumuiya ilipoanzishwa, hakuna aliyeuliza nani ataongoza. Na mwaka jana, mtoto wa Tekla alipougua surua, akakataa ziwa, macho yamegandamana, ni Kornelia aliyekuja akapiga magoti kando ya kitanda na hakuinuka hadi mtoto alipolia kutaka kunyonya.

Halafu mwaka huu mvua zikachelewa. Mahindi yalijikunja. Hata ngano ya shamba la serikali, ile bahari ya kijani ambayo watu walizoea kuiona haina shida, ilianza kupauka. Kornelia akaiongoza jumuiya kuomba mvua. Waliomba wakazunguka mashamba na msalaba, mguu peku, na mvua ikaja. Ilikuja ikasahau kuondoka.

Wakati huo Philomena alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungua uzazi wa kwanza. Alfajiri moja uchungu ulimshika vibaya. Dereva mmoja wa shamba, kijana mwenye huruma, akafunga tela kwenye trekta wampeleke hospitali ya Katesh. Asubuhi hiyo hiyo, kabla ya kufika barabara kubwa, ule udongo mweusi ukalimeza trekta hadi kwenye ekseli. Kila walipochimba, palijaa maji. Jua likizama, trekta jingine likaja kulivuta, na halikuwa na mtu wa kumwahisha tena. Philomena na mtoto wake walizikwa pamoja.

Kifo cha namna ile, cha mama na mtoto tumboni, watu wa kule wanakiogopa kuliko vyote. Zamani nyumba ya msiba ilitengwa. Iliitwa metimani: hamchangii maji nao, hamchukui moto kwao, ng'ombe wenu hawapiti palipopita wao, na mwenye mtoto wa kunyonya ndiyo hasogei kabisa. Padri alikwisha kuikataza kanisani, wote wakaitikia amina. Lakini tangu masika, hakuna aliyeonekana akitoka kwa Kornelia na kijinga cha moto. Walimwombea sana. Walimwombea kwa mbali.

Na yeye alirudi kwenye jumuiya, akakaa pembeni walipomwachia nafasi kubwa. Sala ya Baba Yetu ilipoanza, alisali na wenzake: jina lako litukuzwe, ufalme wako ufike. Kisha akafunga mdomo. "Utakalo lifanyike" ikasemwa na wengine. Alifungua tena kwenye mkate wa kila siku. Mara ya kwanza walidhani ni kilio kimemkaba. Mara ya tatu katekista Theodory akamwambia mbele ya watu, kwa upole, lakini mbele ya watu: "Mama Kornelia, Sala ya Bwana haikatwi vipande kama muwa. Ukishindwa kuimaliza, pumzika kwanza nyumbani. Utawayumbisha wadogo. Alhamisi ijayo njoo ukiwa umeamua."

Hiyo Alhamisi ndiyo iliyokuwa inakuja nyumbani kwa Tekla.

Kesho yake Tekla alimfunga mtoto mgongoni, akaenda kuokota masuke. Kombaini zilikwishapita upande ule, na wanawake waliruhusiwa kufuata nyuma ilimradi mlinzi awe mtu wa kuelewa. Walikuwa wengi, wameinama, wanataniana. Mbali kabisa, karibu na korongo, palikuwa na mtu mmoja. Tekla alijiambia kwamba kule masuke ni mengi zaidi. Akaenda.

Kabla hajafika alimsikia.

"Uliniambia niombe. Nimeomba. Nijibu basi, ulikuwa unasikiliza lipi?" Kornelia alikuwa anaokota huku anasema, suke kwa suke, bila kuinua kichwa, kwa sauti ya mtu anayemsemesha aliye chumba cha pili. "Usininyamazie. Mimi nimekuwa mtu wako."

Mtoto akakohoa mgongoni. Kornelia akageuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Simama hapo hapo, una mtoto."

Tekla akasimama. Kati yao palikuwa na mabua yaliyokatwa, makali, na upepo.

"Wamekutuma uje unisikilize?"

"Hapana, mama. Nimekuja mwenyewe."

"Basi sikiliza vizuri, ukasimulie bila kukosea." Kornelia alikaa chini kwenye kiroba chake. Alikuwa amekonda hadi shavu limeingia ndani. "Ile mvua, nani aliyeiomba? Mimi. Hata maneno niliyachagua. Nilisema, Bwana, tupe mvua isiyo ya kupita. Mlisema amina. Akatoa. Kwa hiyo siku ile masikio yake yalikuwa wazi, si ndiyo? Na kwenye tela nilikuwa namwomba vilevile, kwa mdomo huu huu, magoti yangu kwenye damu ya mwanangu. Nilimwambia, izuie kidogo tu. Saa moja. Ikanyesha. Sasa mimi namuuliza mwenyewe. Nimuulize nani mwingine? Theodory?"

"Katekista anasema tusimhoji Mungu."

"Theodory hajazika. Mungu akimpenda, asije akazika." Alifuta pua kwa kiganja. "Mnasema nimeachana naye. Mtu ukiachana naye, unanyamaza. Unapita kwake kama unapita kwenye jiwe. Mimi nimenyamaza? Kutwa nasema naye, tangu jogoo. Ninyi ndio mmeninyamazia."

Tekla aliinama akaokota suke moja, akalishika tu.

"Na lile neno, mama? Mbona hulisemi?"

"Kwa sababu silitaki. Nikimwambia utakalo lifanyike, atanitazama usoni atajua naongopa. Nimdanganye na yeye? Yale mengine yote nayasema kwa moyo. Hilo limenikwama. Nimemwambia aliondoe lilipokwama, au anielewe. Hajafanya hata moja."

Tekla alikuwa na kitu chake, alikibeba tangu masika, hakupata kumwambia hata mume wake. Kilimtoka hapo.

"Uliniombea huyu, akapona. Mimi nikimtazama naogopa. Naogopa kwamba… maombi yalitumika kwangu, yakaisha. Ya Philomena yakakosa."

Kornelia akacheka, kicheko kikavu, kifupi, cha kwanza tangu msiba.

"Sala si sukari ya duka la kijiji, mwanangu, kwamba ukipata kilo yako, mimi wa nyuma kwenye foleni narudi na mfuko mtupu." Kicheko kikaisha. "Au hata hilo sina hakika. Muulize na wewe. Labda wewe atakujibu."

Jua lilikuwa limepanda, na Kornelia alilamba midomo iliyopasuka. Hakuwa na maji. Tekla akashusha kibuyu chake, akazibua, akamsogelea. Kornelia akainua mikono kukipokea.

Tekla hakumpa. Aliinamisha kibuyu akammiminia viganjani kutoka juu, mdomo wake usikiguse, kama alivyowaona bibi zake wakimfanyia mtu wa metimani. Hakuwa amepanga. Mkono ulifanya wenyewe, na mkono mwingine ukaenda nyuma kumkinga mtoto. Alipotambua, maji yalikwishaanza kumwagika kati ya vidole vya yule mama.

Kornelia aliyatazama maji yale. Akanywa yaliyobaki. Akajipangusa.

"Hata wewe," alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayehesabu mifugo jioni na kukuta pengo alilolitegemea.

"Nisamehe, mama. Sikukusudia."

"Najua. Na kwa msiba wa mwingine, huenda ningefanya hivyohivyo." Alisimama, akatikisa kiroba masuke yakae vizuri. Huko nyuma wanawake walikuwa wamenyamaza, wameinua vichwa, wanatazama Tekla alivyosogea. Mama Hermani alikuwa ameshika kiuno.

"Alhamisi nitakuja kwako," Kornelia alisema. "Sijaamua chochote, mwambie Theodory. Nitasali hadi pale, nitanyamaza, halafu nitaendelea. Wakinitoa, wanitoe wakiniona. Lakini nakuomba kitu kimoja, Tekla. Sijawahi kukuomba."

"Niambie, mama."

"Uje ukae karibu yangu. Si upande ule wa wenzako. Bega kwa bega, na huyo mtoto mapajani. Nikifika pale nikinyamaza, wewe liseme lile neno. Kwa sauti, nilisikie linatoka kwa mtu. Na kama na wewe limekukwama, usilazimishe kwa ajili yangu. Tunyamaze wote wawili, Mungu atusikie tulivyonyamaza. Ila usinihame."