Pontien wa Wake Wanne

Pontien ni jirani yangu hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda. Ni Mrundi, fundi cherehani, mtu wa sala. Akikuahidi nguo Ijumaa utaipata Ijumaa, ila haijulikani Ijumaa gani. Alifiwa na mke miaka tisa iliyopita, akabaki na kuku wanne, wote majike: Benitha, Divine, Anne na Jeannette. Siku moja nilimwuliza kwa nini kuku wana majina ya watu.

"Mama Gradi," akanijibu, "nyumba ambamo haliitwi jina la mwanamke inageuka stoo."

Basi kila jioni tulimsikia: "Anne, ingia! Divine, acha kumsukuma mwenzako! Benitha, leo utalala nje, unanijua!" Sisi majirani tulishazoea.

Mwaka jana Vanessa, binti wa kwetu Uvira, Kongo, anayefanya kazi kwenye duka la fotokopi kule Kakoba, Mbarara, akafungua tovuti ya ramani ya Nakivale. Nyumba zetu hazina namba; mgeni anazunguka mpaka jua linamchoka. Vanessa akasema majina ya kila fasi, yaani kila mahali, tutayatoa wenyewe kwenye kundi la watsapu. Mmoja anaandika jina, watatu wakikubali, linaingia kwenye tovuti.

Watu wakaandika kweli. "Kona ya Mama Anayeuza Ndakala kwa Kununa" (ndakala ni dagaa wetu). "Shimo Lililommeza Mchungaji" (alitoka, Bwana asifiwe). Mmoja aliandika tu kwamba amepoteza ndoo ya bluu. Nayo ikapata watatu, ikaingia kwenye ramani. Ndipo Grégoire, mwuza ndizi, akaandika kwa mchezo: "Kwa Pontien wa wake wanne. Ukisikia anawaita, umefika." Likaingia.

Ingekuwa ya kucheka tu, lakini mwezi ule Pontien alikuwa anaposa. Alimpenda mjane mmoja wa kambi ya Oruchinga, Godeberthe, mwanamke wa maneno machache. Alikuwa amepaka ukuta udongo mpya, akaongeza hata kuku wa tano, mwekundu, ambaye jina lake hakutaka kutuambia. Kilichobaki ni kaka ya Godeberthe, Jean-Paul, katekista, aje kuona nyumba.

Jumatano Jean-Paul akapiga simu.

"Nimetafuta kwako kwenye simu ili nisipotee. Nimesoma. Jumamosi nakuja kuhesabu mwenyewe." Akakata.

Pontien alinijia na sindano bado mdomoni. "Mama Gradi, vita haikuniua, sasa kuku wananimaliza!"

Ijumaa tukapanda gari mpaka Kakoba. Vanessa akafungua kompyuta. "Siwezi kufuta kwa kichwa changu, mama. Ni kundi lilikubali. Angalia: wa kwanza mke wa Grégoire. Wa pili Gisèle wa mandazi. Wa tatu..." Akanigeuzia kioo.

Wa tatu ilikuwa ile picha ya mikono miwili ya sala. Yangu.

Mimi kwenye kundi siandiki mengi. Kila ujumbe naweka ile mikono, ndiyo Amina yangu, ili mtu asijione amesema peke yake. Kumbe Vanessa alikuwa anaihesabu kuwa ni "nakubali."

"Mama Gradi, wewe ulikubali kila kitu," akasema. "Hata ndoo."

"Basi Mama Gradi aondoe Amina!" Pontien akalia.

"Amina haiondolewi," nikasema.

"Inaondolewa, mama. Bonyeza hapa."

Nikaomba msamaha kimoyomoyo, nikabonyeza. Jina likabaki na wawili, likatoka kwenye ramani. Tukarudi tunaimba.

Kumbe tulikuwa tumeharibu zaidi. Jumamosi Jean-Paul alifungua simu kutafuta njia, akakuta Pontien hayupo tena. "Sasa anawaficha!" akamwambia dada yake. Wakapotea saa mbili nzima, wakafika jioni, saa ileile ya kuku kuingia.

Mimi nilikuwa jikoni kwa Pontien napika sombe, majani ya muhogo. Nilikuwa nimemkataza asiite jina lolote. Lakini kuku wale bila jina hawaingii, kwa hiyo akaanza kunong'ona: "Benitha... Divine... Jeannette... Anne mpenzi, ingia upesi, wageni wanakuja..."

Nyuma ya ua nikasikia dereva wa boda, Mnyankole: "Mzee hii iko na bibi ine? Mimi iko na moja tu, nashindwa!"

Jean-Paul akaingia kama askari, Godeberthe nyuma yake. "Wako wapi?"

"Nani, shemeji?"

"Usiniite shemeji! Anne yuko wapi?"

Anne kusikia jina lake, akatoka chini ya cherehani, akapita katikati ya viatu vya katekista. Jean-Paul akamtazama. Akasema polepole, "Benitha?" Benitha akaja mbio. Akawaita wote wanne, kama anavyoita watoto wa mafundisho, na wote walikuwepo. Uso wake ukaanza kulegea. Halafu yule mwekundu akatokeza.

"Na huyu?"

"Huyo... ni wa juzi," Pontien akasema, akiangalia chini.

Godeberthe akasogea. "Pontien. Anaitwa nani?"

"Go... Godeberthe."

Mikono yangu ikajishika yenyewe, ile ya kweli. Godeberthe alimwinua kuku, akampapasa kifua, akamgeuza huku na huku.

"Wenzake wote wamenona," akasema. "Mimi ndiye mwembamba?"

"Ana aibu, hali vizuri," Pontien akajitetea.

"Kaka," Godeberthe akasema, "pokea mahari. Huyu lazima nije nimlishe mwenyewe."

Walifunga ndoa baada ya Pasaka. Siku hizi ni yeye anayeita kuku jioni, na akifikia jina la mwisho anajiita mwenyewe, Pontien anaitika kutoka ndani.

Mimi sasa nasoma kila ujumbe mara mbili kabla ya kuweka mikono. Lakini ndoo ya bluu bado iko kwenye ramani. Amina ile sijaiondoa, maana mwenye ndoo bado anaitafuta.