Darubini niliyoichagua mimi

Admin, jina langu lifiche, na nyie mtakaosoma msianze kunichekea maandishi. Niliishia darasa la nne, lakini nimelea watoto saba na wote wamesoma. Nina miaka sabini na moja, mjane, naishi huku Ilembo, Mpanda.

Marehemu mume wangu alikuwa na bunduki ya kibali. Nguruwe pori walikuwa wanatumalizia karanga, na macho yake yalishaanza kuchoka, tukaenda kwa fundi aifungie darubini. Fundi akatoa mbili. Mume wangu akashika ndogo, akasema, "Hii haivuti sana, ila naona shamba zima."

Nikamdharau mbele ya watu. "Yaani tumetoka nyumbani kuja kununua ya kuchungulia kuku? Chukua inayovuta!"

Nilidhani darubini ni kama sufuria, kubwa ndiyo bora. Akacheka, akachukua niliyotaka. Alikuwa ananisikiliza sana yule mwanaume, ndiyo shida.

Asubuhi moja tukaona kitu kinatikisika kwenye majani pembeni ya shamba, karibu tu. Akalenga. Akakaa, akakaa.

"Mama Pili, hii inavuta mno, naona rangi ya kahawia tu imejaa kioo. Sioni kichwa, sioni mguu."

"Karibu hivyo na huoni? Siku hizi unaogopa nguruwe? Piga, wanaondoka!"

Angetoa jicho kwenye kile kioo akatazama kawaida. Au mimi ningenyamaza. Akapiga.

Alikuwa jirani yetu. Alikuwa anatoka kurina asali, bado amejifunika gunia kwa ajili ya nyuki, ameinama anafunga ndoo yake. Hakufika hospitali.

Polisi walipouliza nikafungua mdomo, mume wangu akanikatiza. "Huyu alikuwa anang'oa karanga, hajui kitu. Macho yangu ndiyo yameniponza." Nikafunga mdomo. Mimi, ambaye sijawahi kunyamazishwa na mtu! Akafungwa, akafia huko huko.

Tangu hapo nikifumba jicho moja nitunge uzi kwenye sindano, duara la kahawia linakuja. Ile darubini sikuwahi kuichungulia hata siku moja, lakini naliona. Limejaa, halina kichwa, halafu linapumua.

Juzi mjane wa yule jirani, ambaye tunakaa benchi moja kanisani, kaja kwangu. "Dada, mzee wako nimemsamehe kabisa. Jumapili nimeomba misa, padri amwombe Mungu amsamehe kosa lake. Mimi na wewe tutasimama mbele."

Nikamwambia asante. Asante! Mdomo huu huu.

Msiniletee habari za pole bibi, yatapita. Pole sitaki. Nikimwambia ukweli, namnyang'anya amani aliyoitafuta kwa shida. Nikinyamaza, mume wangu ataombewa msamaha wa kosa langu mbele ya kanisa zima, na mimi nimeshikwa mkono na yule mama. Leo Alhamisi. Nishaurini kabla ya Jumapili: niseme, au nikasimame tu?