Pikapu Iliyokataliwa na Mama

Malori ya saruji bado hayajaingia. Kwenye uwanja wa duka la vifaa vya ujenzi, mwanamke mmoja amelala chali chini ya pikapu, miguu imetokeza nje, soksi moja imetoboka kisiginoni. Anagonga kitu kwa spana, anasikiliza, anagonga tena.

"Zinacheza," anasema akitoka, huku akijikung'uta vumbi. "Zamani ungeona hili gari likipita tupu, ungedhani linaendeshwa na mlevi."

Anazungumzia springi za nyuma. Hapa uwanjani wanamwita Dada Mizigo. Ana miaka arobaini na sita, na pikapu hiyo ameiendesha karibu nusu ya umri wake, akibeba saruji, nondo na mabati.

Ni gari la kazi. Likishiba mzigo linatulia. Likiwa tupu, springi zinakataa kupinda, na nyuma hurushwa kwenye kila shimo mpaka meno ya abiria yanagongana.

Hilo halikuwahi kumsumbua, mpaka mdogo wake aliponunua gari.

Mama yao, fundi cherehani aliyestaafu, anasumbuliwa na nyonga na lazima apelekwe kliniki mara kwa mara. Tangu mwanzo, kazi hiyo ilikuwa ya Dada Mizigo.

"Ule ndio ulikuwa muda wetu," anasema. "Nyumbani mama ana wajukuu, ana majirani, ana redio. Garini alikuwa na mimi tu. Mambo yote ya ukoo nimeyasikia njiani."

Kisha mdogo wake, ambaye ni mhasibu, akaja na gari dogo jeupe lenye viti laini. Alimpeleka mama kliniki mara moja tu, siku ambayo dada mtu alikuwa safarini. Mama akarudi na sifa.

"Akasema, 'Mwanangu, leo nimefika kama mtoto aliyebebwa mgongoni.' Mimi niko jikoni, namsikia. Nikataka kumwuliza, na mimi miaka yote nilikuwa nakubebaje? Sufuria niliyokuwa naosha niliisugua nusura niitoboe."

Safari iliyofuata, mama alikataa kupanda pikapu. "Gari lako lina roho mbaya," alimwambia. "Linanitupa."

Dada Mizigo hafichi alichohisi. "Niliona wivu. Andika hivyohivyo, usinipambe. Yule mtoto nimemsomesha kwa pikapu hii, leo ndiyo inaonekana takataka?"

Siku za kliniki akaanza kuzungukia njia yao bila sababu. Siku moja aliwaona kwenye taa za barabarani. Mama alikuwa amemgeukia mdogo wake, anacheka, mkono ameuweka begani kwake. "Taa zikawa kijani, mimi nimeduwaa tu. Nyuma watu wananipigia honi, wananitukana."

Akaamua kulilainisha gari. Alianza kwa kupunguza upepo wa matairi. Gari likatulia kidogo, lakini alipopakia saruji matairi yakapata moto, moja likapasuka.

Akajaribu mifuko ya mchanga. Aliipanga nyuma ili gari lijione lina mzigo, akambembeleza mama mpaka akapanda. Walikwenda vizuri hadi kwenye mteremko. Akakanyaga breki, mfuko mmoja ukateleza ukagonga ukuta wa nyuma ya viti kwa kishindo. Mama akapiga kelele.

"Akashuka palepale. Akampigia simu mdogo wangu aje kumchukua. Mbele yangu! Sijui hata nilirudije nyumbani."

Kuna mtu alimshauri achome springi kwa moto wa gesi, zitalainika haraka. Kabla ya kukubali alipita kwa Fundi Chuma, mzee mwenye gereji ya springi nyuma ya soko.

"Nilimwambia, dada, ukichoma chuma hiki kinapoteza nguvu," anakumbuka fundi huyo. "Leo kitalainika, kesho kitakatika, na mama yako yumo ndani."

Alipozifungua springi, fundi alikuta mabamba yake ya chuma, yaliyopangwa moja juu ya jingine, yameganda kwa kutu, hayatelezi hata kidogo. Shokapu zilishakufa. Katikati ya mabamba, kila upande, kulikuwa na moja nene kuliko mengine, lisilotoka kiwandani na gari.

"Nikamwuliza, hivi vyuma nani kaviweka? Akakaa juu ya tairi."

Aliviagiza Dada Mizigo mwenyewe, mwaka ambao mdogo wake aliingia chuo. Alitaka pikapu ibebe mifuko thelathini ya saruji badala ya ishirini. Mifuko ile ya ziada ndiyo iliyolipa ada.

"Nilianza kucheka, halafu machozi yakanitoka," anasema. "Fundi akadhani nalilia gharama, akaanza kunipunguzia bei. Sikumkatiza."

Fundi Chuma alitoa mabamba yale mawili, akasafisha yaliyobaki, akayapaka grisi, akabadilisha bushi za mpira zilizochakaa, akafunga shokapu mpya. Akampa na sharti: asizidishe tena mifuko ishirini. Kipato chake kimeshuka karibu theluthi, na wateja wawili wakubwa wamemkimbia. Anaziba pengo kwa kubeba magodoro na milango. Wapagazi wanamtania kwamba amekuwa dereva wa harusi.

Siku ya kliniki alifika kwa mama mapema. Bado anazima injini, gari jeupe nalo likaingia. Mama akatoka na fimbo yake, akasimama kati ya magari mawili.

"Mnanitolea macho ya nini?" aliwauliza. "Mimi ni mgonjwa au mwamuzi wa mpira?"

Mdogo mtu akasema kwa upole, "Mama, panda la dada. Mimi nitakupeleka siku nyingine."

"Hapo ndipo nilipochukia zaidi," anasema Dada Mizigo. "Sikutaka kuachiwa. Nilitaka kuchaguliwa."

Hata hivyo mama alipanda. Kwenye shimo la kwanza alishika mlango kwa mazoea, akafumba macho, akasubiri. Gari likashuka, likapanda, likaendelea. Akafumbua jicho moja.

"Leo umelilisha nini hili?"

Binti akamweleza yote, pamoja na habari ya mabamba mawili. Karibu na geti la hospitali mama akauliza: "Mdogo wako anajua?" Hajui, akajibiwa. "Mwambie."

Hajamwambia bado. "Nikimwambia atalia, na akilia mama atambembeleza yeye. Acha asome gazetini, mimi nikiwa sipo."

Siku hizi mama anapanda magari yote mawili, kwa zamu anayoipanga mwenyewe. Dada Mizigo anakiri kwamba zamu isiyo yake bado inamchoma, ingawa siku hizo hapiti tena kwenye zile taa.

Sasa anapanga safari. Dada yake mama, ambaye hawajaonana kwa muda mrefu, anaishi mbali, kwenye barabara ya mawe ambayo gari dogo haliwezi. Mvua zikiisha, Dada Mizigo atampeleka mama huko kwa pikapu. Tatizo ni moja: mama amesema hatoki mpaka waende wote watatu.

"Nimemwambia mbele hapatoshi."

Kiti cha mbele ni kirefu, watu watatu wanakaa bila kubanana. Anakitazama, kisha anaugeukia uwanja, ambako lori la kwanza linaingia.

"Haya, mdogo wangu atakaa mlangoni," anasema mwishowe. "Mama atakaa katikati."

Anaambiwa kwamba katikati mama atakuwa karibu na wote wawili kwa usawa.

"Najua," anasema akiwasha gari. "Lakini usukani nitaushika mimi, na nitakwenda polepole sana."