Mstari wa Pili

Juzi nilikuwa kwenye benchi la zahanati moja hapa Machakos nikingoja kupimwa sukari, wakati mzee mmoja kutoka Mwala alipomkataza muuguzi kufunga mlango wa chumba cha matibabu.

"Wacha wazi, sista. Nataka mashahidi."

Mkewe alisimama nyuma yake, mikono kiunoni. Mzee akainua juu kipimo chake cha kaswende tukione sote.

"Nilidungwa sindano zote, na huyu mama pia. Mbona laini bado ni mbili? Amesema nitalala kwa stoo na mahindi mpaka ibaki moja!"

Benchi zima tukanyoosha shingo.

Muuguzi akaeleza polepole. Kipimo hicho huonyesha kingamwili, yaani askari walioandikwa kazi na damu siku ile ugonjwa ulipoingia. Ugonjwa hutibiwa ukaisha, lakini askari hao mara nyingi hubaki maisha yote. Ndiyo maana kuna kipimo kingine cha kufuatilia dawa, na cha mzee kilikuwa kimeshuka vizuri.

"Umepona, mzee."

"Na sindano ya kufukuza askari?"

"Hakuna."

Mama akasogea mbele. "Yaani damu yake imepona, lakini haijasahau?"

"Ndiyo hivyo, mama."

"Basi hata mimi niko hivyo hivyo." Akampa mzee kofia yake. "Twende. Stoo nimeshaifagia."

Wanaume wote wa benchi lile tuliinama kuangalia viatu vyetu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kingamwili mara ya pili.